Uzi: Kuuza nyumba Nakuru, je, nimpe wakala mwenye ofisi mjini au wakala wa mtandaoni?

#1 Mzee_wa_Kiamunyi
Hamjambo nyote. Mimi na mke wangu tunataka kuuza nyumba yetu ya vyumba vitatu vya kulala iliyoko Kiamunyi, kwa kuwa tulihamia Webuye baada ya kustaafu, na mpangaji tuliyemwacha humo analipa kodi kwa kusuasua. Bei tunayoitarajia ni shilingi milioni 9.5. Wakala mwenye ofisi karibu na Kenyatta Avenue anataka asilimia 3 ya bei, atalipwa mauzo yakishakamilika, lakini anadai tutie sahihi mkataba wa miezi sita ambamo haturuhusiwi kumpa mtu mwingine yeyote kazi hiyo. Kwa upande wa pili wapo vijana wa mtandaoni wanaotaka shilingi 25,000 mapema: watapiga picha, watarusha droni, watatengeneza video na kuitangaza nyumba kwenye Facebook, TikTok na tovuti za nyumba, kisha wanunuzi watanipigia simu mimi mwenyewe. Kwa mtu anayeishi kwa pensheni, tofauti ya 285,000 na 25,000 si jambo la kupuuza. Dai langu ni kwamba zama za wakala wa ofisini zimekwisha. Anayenipinga anipinge kwa hoja.

#2 NyarMamboleo
Shikamoo mzee. Nakupinga. Zile 25,000 utazilipa nyumba iuzwe isiuzwe, ilhali 285,000 utazilipa pale tu ambapo fedha za mnunuzi zimeingia. Hizo si bei mbili za huduma moja, bali ni huduma mbili tofauti: kwa vijana unanunua tangazo, na kwa wakala unanunua mauzo. Isitoshe, hesabu yako ina pengo. Kama wakala huyo amesajiliwa kutoza VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ongeza asilimia 16 juu ya komisheni yake, yaani 45,600, na jumla itafika 330,600. Muulize kama asilimia 3 aliyokutajia inajumuisha VAT au la, kwa sababu wengi hunyamaza mpaka siku ya ankara.

#3 Section58
Mzee, mimi nimeuza kwa njia ya mtandao na nyumba ilikwenda, kwa hiyo naunga mkono dai lako, ila kwa masharti. Simu zilikuwa nyingi mno, lakini walio wengi hawakuwa wanunuzi. Walikuwa madalali waliokuwa wakiuliza, "Wewe ndiwe mwenye nyumba? Nina mteja tayari." Baadhi yao walichukua picha zangu bila ruhusa, wakaongeza bei, wakazitangaza kwenye kurasa zao, hata nyumba moja ikawa inauzwa kwa bei tatu tofauti kwa wakati mmoja. Mnunuzi wa kweli alipoziona bei zote tatu alidhani mimi ni tapeli, na ilinibidi nimshawishi aje kuiona hati kwa wakili. Ukichagua njia hiyo, weka alama juu ya picha zako, na usithubutu kuweka picha ya hati wala namba ya ploti hadharani.

#4 Jaduong_Riat
Hilo la bei tatu tunalo hapa Kisumu pia, tena bila mtandao. Kuna nyumba Migosi iliyouzwa na mwenyewe kwa bei yake, na baadaye akagundua kwamba mnunuzi alikuwa amelipa zaidi kwa sababu dalali aliweka "juu yake" katikati. Kwa hiyo tusiseme wizi umeletwa na intaneti. Intaneti imeuweka mahali ambapo kila mtu anaweza kuuona.

#5 Dalali_Halali
Ninafanya kazi hii mjini Nakuru, na naomba tutenganishe watu wawili mnaowachanganya. Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, ambayo ni ya mwaka 1984, inamtaka kila anayefanya kazi ya wakala asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba. Dalali wa kona anayeongeza bei "juu yake" hajasajiliwa. Wakala halali analipwa na muuzaji kwa kiwango kilichoandikwa, na fedha za mteja haziruhusiwi kuchanganyika na zake. Mzee, kabla ya kubishania asilimia, mwombe huyo wa Kenyatta Avenue namba yake ya usajili, na uwaombe vijana wa droni vilevile. Jibu la kila mmoja litakueleza mengi.

#6 Fundi_Lanet
Dalali akiwasifu madalali, mnunuzi ashike mfuko wake. Natania tu, ndugu yangu, usinikasirikie. Lakini tuambie ukweli: kati ya walio na ofisi na mabango mjini humu, je, wote wana cheti?

#7 Dalali_Halali
Sikasiriki. Wote hawana, na ndiyo maana nimesema aulize.

#8 Mkimbizi_wa_Baridi
Salaam kutoka Uingereza. Nimesoma uzi huu kwa hamu, kwa sababu mjadala huu huku umechukua miaka. Mimi ni mzaliwa wa Kisumu, na nimeuza nyumba hapa kupitia wakala wa mtandaoni. Anatoza ada moja isiyobadilika, na unailipa hata nyumba isipouzwa, wakati wakala wa mtaani huchukua mara nyingi kati ya asilimia 1 na 2 pamoja na VAT, mauzo yakikamilika. Nyumba yangu iliwekwa kwenye tovuti ya Rightmove, ambako mawakala wa aina zote mbili hutangaza, na mnunuzi hakujali kabisa ni nani aliyeiweka. Wageni niliwaonyesha mwenyewe, na fedha nilizookoa zilikuwa za kutosha. Kwa maoni yangu, Kenya inaelekea huko huko, na mzee amewatangulia wenzake.

#9 Msomi_wa_Lurambi
Ndugu wa baridi, umesema kweli nusu. Kampuni iliyojulikana kuliko zote katika biashara hiyo, Purplebricks, ilianza kuuza nyumba mwaka 2014, ikapanda hadi kuwa na thamani kubwa kwenye soko la hisa, kisha mwaka 2023 biashara yake ikauzwa kwa kampuni ya Strike kwa pauni 1. Nimeandika moja, wala si milioni moja. Sitaki kudai kwamba ada ya mapema ndiyo iliyoiangusha, maana sababu zilikuwa nyingi, lakini wakala aliyekwisha kulipwa ana msukumo gani wa kuhangaika mwezi wa nne?

Kisha kuna jambo ambalo hukulitaja. Katika Uingereza na Wales, Idara ya Ardhi huchapisha bei halisi ambayo kila nyumba imeuzwa, na takwimu hizo zinarudi nyuma hadi mwaka 1995. Muuzaji wa Leicester anaweza kukaa sebuleni na kujua nyumba ya jirani ilikwenda kwa kiasi gani. Mzee wa Kiamunyi hawezi. Anachokiona mtandaoni ni bei zinazoombwa, si bei zilizolipwa, na kati ya hizo mbili kuna bonde. Bei iliyolipwa anaijua muuzaji, mnunuzi, wakili na wakala. Hapo ndipo asilimia 3 inapopata maana, iwapo wakala mwenyewe ni mkweli.

#10 Mkimbizi_wa_Baridi
Nakubali kuhusu bei. Lakini usisahau kwamba huku wakala hahitaji leseni kama hiyo ya Sura ya 533. Anachotakiwa ni kujiunga na mpango wa kushughulikia malalamiko ya wateja. Kwa hiyo, kwa maandishi, sheria ya Kenya ni kali kuliko ya Uingereza.

#11 Jaduong_Riat
Kwa maandishi, ndiyo. Sisi kwa maandishi ni mabingwa wa dunia.

#12 Wakili_wa_Bonde
Nimewasoma kwa subira, na naona mnabishania shilingi laki tatu huku laki nane zikipita mlangoni. Mzee amesema alihama na nyumba ina mpangaji. Kodi ya faida ya mtaji, iliyorudishwa mwaka 2015 kwa kiwango cha asilimia 5, ilipandishwa hadi asilimia 15 kuanzia tarehe 1 Januari 2023, na anayeilipa ni muuzaji. Mwenye nyumba husamehewa kodi hiyo kwa makazi yake binafsi ikiwa ameishi humo mfululizo kwa miaka mitatu inayotangulia mauzo. Je, mzee, wewe unatimiza sharti hilo? Ikiwa, kwa mfano, ploti na ujenzi viligharimu milioni 4 na ukauza kwa 9.5, faida ni milioni 5.5 na kodi ni 825,000 kabla ya kutoa gharama nyingine zinazoruhusiwa.

Pili, ridhaa ya mke. Umesema "mimi na mke wangu", na hilo ni jema, lakini maneno hayatoshi. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya maandishi ya mwenzi, hata kama hati ina jina moja tu. Tatu, ploti nyingi za pembezoni mwa Nakuru zilikatwa kutoka mashamba, na iwapo yako bado ni ardhi ya kilimo kisheria, mtahitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Nne, deni la ada za kaunti. Haya yote hayashughulikiwi na droni, wala na wakala wa Kenyatta Avenue. Ni kazi ya wakili, na yakichelewa humfukuza mnunuzi aliyeletwa na yeyote kati yao.

#13 Mzee_wa_Kiamunyi
Asante, wakili, ingawa umeniharibia chakula cha jioni. Tulihama muda mrefu kidogo, lakini bado haujafika miaka mitatu, na nilidhani kwamba hilo ndilo linaloniokoa.

#14 Wakili_wa_Bonde
Haliokoi, kwa bahati mbaya. Kinachoangaliwa ni kama umeishi humo miaka mitatu hadi wakati wa kuuza, si kama umeondoka chini ya miaka mitatu iliyopita. Zungumza na mshauri wa kodi kabla ya kutangaza bei, kwa sababu bei utakayoikubali itategemea kinachobaki mkononi.

#15 Karani_Mstaafu
Niongeze neno la faraja. Nilifanya kazi ya hesabu maisha yangu yote. Katika kukokotoa faida hiyo, gharama za kuuza, ikiwemo komisheni ya wakala, ada ya wakili na matangazo ya kumtafuta mnunuzi, hutolewa kwanza. Ukichukua mfano wa wakili na ile 330,600 ya NyarMamboleo, kodi inapungua kwa 49,590. Maana yake ni kwamba wakala huyo hakugharimu 330,600 bali takriban 281,000, kwa sharti kwamba amekupa risiti halali. Vijana wa 25,000 wakikuambia utume kwa M-Pesa kwenye namba ya mtu binafsi bila ankara, kesho utaionyesha KRA, yaani mamlaka ya kodi, ujumbe wa simu? Zitafute pia risiti za saruji na mabati za siku za ujenzi. Wazee wengi wamelipa kodi juu ya fedha ambazo hazikuwa faida hata kidogo, kwa kuwa makaratasi yaliliwa na mchwa.

#16 Fundi_Lanet
Turudi kwenye swali. Mimi ninajenga na kukarabati nyumba, na wanunuzi huniita niwakagulie kabla ya kununua. Nakuru si mji ambao mtu ananunua kwa video. Swali la kwanza ni maji: yanatoka wapi, na floridi yake ikoje, maana visima vya huku vinajulikana kwa kuchafua meno ya watoto. Swali la pili ni ardhi yenyewe, kwa sababu tunaishi katika Bonde la Ufa chini ya volkeno ya Menengai na watu wameona nyufa zikifunguka baada ya mvua kubwa. Swali la tatu, kwa walio upande wa Mwariki, ni ziwa, ambalo limepanda hadi likameza nyumba za watu. Wakala anayekaa hapa anaweza kumjibu mnunuzi papo hapo kwa kumwonyesha mtaa, tangi na majirani. Video ya droni inaonyesha paa.

#17 Section58
Fundi, hizo si hoja za kumtetea wakala wa ofisini. Ni hoja za kuandika tangazo bora. Mzee anaweza kupima maji na kuweka majibu ya maabara kwenye tangazo hilohilo la mtandaoni, na nakuhakikishia kwamba hakuna wakala wa mjini aliyewahi kunipa karatasi ya maji. Wengi wao hata hawajui kama mfereji unatoka Jumanne au Ijumaa.

#18 Dalali_Halali
Jumanne. Halafu mnasema hatujui kazi.

#19 NyarMamboleo
Mimi naona mnunuzi ndiye anayeamua, si muuzaji. Nyumba za Riat, huko Kisumu, zenye mandhari ya ziwa hununuliwa sana na watu walio ughaibuni, na hao huanzia mtandaoni, hawana njia nyingine. Lakini angalieni kinachofuata: anayeona tangazo akiwa Boston humtuma dada yake au mjomba aende kuangalia, na mjomba akifika anataka kupokewa na mtu mzima mwenye ofisi, kiti na kitabu cha risiti. Kwa hiyo mtandao unaleta jicho, ofisi inaleta imani. Nyumba ya Kiamunyi ya milioni 9.5 sidhani kama inamtafuta mtu wa Boston. Inamtafuta mwalimu au muuguzi mwenye mkopo wa sako au wa benki, ambaye yuko hapohapo Nakuru, na huyo wakala wa mjini anaweza kuwa naye kwenye daftari lake tayari.

#20 Msomi_wa_Lurambi
Huyo mwalimu naye yuko Facebook saa tatu usiku kama sisi. Sikubali kwamba kuna wanunuzi wa mtandaoni na wanunuzi wa ofisini. Kuna bei nzuri na bei mbaya. Nyumba zinazokaa sokoni mwaka mzima huku Kakamega zina ugonjwa mmoja, nao ni kwamba mwenye nyumba ameweka bei ya jasho lake na kumbukumbu zake. Mzee, hiyo 9.5 umeipata wapi? Kama si kwa mthamini aliyesajiliwa, basi mlipe mthamini kwanza, kisha ndipo uchague atakayeitangaza.

#21 Mzee_wa_Kiamunyi
Nimeipata kwa jirani aliyesema kwamba mwenzake aliuza kwa kiasi hicho.

#22 Msomi_wa_Lurambi
Nilihofia hivyo.

#23 MamaPacha_Njoro
Samahani kuchelewa. Nimeshangaa kwamba nyote mmeruka lango. Mzee yuko Webuye, nyumba iko Kiamunyi, na ndani yake kuna mpangaji asiyelipa vizuri. Mnunuzi wa mtandaoni akipiga simu Jumamosi asubuhi akitaka kuiona nyumba, nani atafungua? Mpangaji ambaye anajua kwamba nyumba ikiuzwa atahama hana haraka ya kufungua, na akifungua hatafagia. Nilipouza ya kwangu, mpangaji alikuwa akiwaambia wageni kwamba paa linavuja, na halikuwa likivuja. Ukiwatumia vijana wa 25,000, gharama yako halisi ni hiyo pamoja na nauli na kulala Nakuru kila mteja anapojitokeza, au umlipe mtu mwingine wa kuonyesha nyumba, na mtu huyo ndiye wakala uliyemkimbia.

Halafu mna habari kwamba njia mbili hizi si zote? Mnunuzi wangu hakutoka kwenye ofisi wala kwenye simu. Alikuwa binamu wa mwendesha bodaboda wa stejini petu. Mlinzi, mwenye duka, mzee wa kanisa, hao ndio wanaojua nani ana fedha na nani anatafuta. Hata mpangaji wako, mzee, je, umemuuliza kama angependa kununua?

#24 Fundi_Lanet
Asiyelipa kodi atalipa milioni 9.5?

#25 MamaPacha_Njoro
Yeye pengine hana. Kaka yake je?

#26 Karani_Mstaafu
Mama amegusa jambo, ila mwendesha bodaboda naye hutaka "shukrani", na haina risiti. Msisahau ile hesabu yangu.

#27 Mzee_wa_Kiamunyi
Nimewaelewa, ingawa hamjanishawishi wote kwa pamoja. Nitamwita mthamini, na nitaanza na wakili kuhusu kodi. Kuhusu wakala, nafikiria kumwambia huyo wa ofisini kwamba nampa kazi ya kuonyesha nyumba na kujadiliana, lakini tangazo la mtandaoni nitalilipia mimi, na mnunuzi nitakayempata mwenyewe asihesabiwe kuwa wake. Dalali_Halali, je, wewe ungekubali masharti hayo?

#28 Dalali_Halali
Kwa asilimia 3, hapana, kwa sababu kila mnunuzi nitakayemleta atakwenda kuona tangazo lako na kukupigia wewe ili aepuke kupitia kwangu. Ningekubali miezi mitatu badala ya sita, na ningekubali kwamba mnunuzi wako mwenyewe anatozwa asilimia 1 tu kwa kazi ya kumwonyesha na kusimamia. Na picha ningepiga mimi, kwa gharama yangu. Wakala wa leo asiyetangaza mtandaoni amelala, kwa hiyo hata huo mgawanyiko wa "ofisini" na "mtandaoni" kwangu umepitwa na wakati.

#29 Section58
Asilimia 1 kwa mnunuzi ambaye hukumtafuta ni nyingi. Mzee, mwambie akutajie ada maalumu ya kuonyesha nyumba, iwe shilingi fulani kwa kila mgeni.

#30 NyarMamboleo
Ukilipa kwa kila mgeni, utaletewa wageni wengi kuliko harusi. Mimi ningebaki na asilimia.

#31 Wakili_wa_Bonde
Vyovyote mtakavyopatana, soma kifungu cha mwisho cha mkataba wa wakala, kile kinachosema kwamba komisheni italipwa hata baada ya mkataba kuisha iwapo mnunuzi "alitambulishwa" wakati mkataba ulipokuwa hai. Dai orodha ya majina ya waliotambulishwa, itiwe sahihi na pande zote mbili siku mkataba unapoisha, la sivyo unaweza kudaiwa komisheni mbili kwa nyumba moja. Na ile amana ya asilimia 10 ya mnunuzi isipite kwa wakala yeyote, wa ofisini wala wa mtandaoni. Ikae kwa mawakili chini ya mkataba wa mauzo ulioandikwa na kushuhudiwa, kwa kuwa makubaliano ya mdomo kuhusu ardhi hayawezi kusimama mahakamani.

#32 Jaduong_Riat
Wakili, swali dogo kabla hujaondoka: iwapo wakala hana cheti cha Sura ya 533 lakini ameleta mnunuzi wa kweli, je, anaweza kunishtaki nikikataa kumlipa? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

#33 Fundi_Lanet
Rafiki huyo anaishi Riat, bila shaka.